Hajachanjwa

Jumatano, 12 Septemba 1984

Daktari Katunge ameniambia niandike mambo matatu kila siku: mkojo, uvimbe, tembe. Daftari ndilo hili, la kurasa themanini, nimelinunua Mombasa kabla ya kupanda basi la kurudi Voi. Hasira hakuipa nafasi, lakini mimi ninayo, na nitaiandika humuhumu.

Fanuel wangu ana miaka saba na figo zake zinavuja. Protini inatoka na mkojo, maji yanabaki mwilini, na asubuhi anaamka macho yamefumba kwa uvimbe. Tembe zinaziba ule uvujaji. Lakini tembe hizohizo zinalaza kinga ya mwili, na hapo ndipo daktari alipovua miwani.

"Ninachoogopa ni tetekuwanga," alisema. "Kwa mtoto mwingine ni kujikuna wiki moja. Kwa huyu inaweza kuingia mapafuni na kwenye ini, tukampoteza."

"Basi mchanje."

"Chanjo iko, Mama Fanuel. Wajapani wameitengeneza, na wanawapa hata watoto wa figo, tembe zikishapunguzwa. Hapa kwetu haijafika."

"Itafika lini?"

"Sijui."

Tulikuwa mama wawili mbele ya meza yake. Mwenzangu anaitwa Risper, muuza ndizi wa Taveta, na binti yake Susan wa miaka sita ana ugonjwa huohuo. Daktari alitufundisha pamoja. Unatia mkojo kwenye chupa nyembamba ya kioo, tone moja la siki, unauchemsha kwenye moto. Ukibaki safi, shukuru. Ukifanya mawingu meupe, figo zinavuja. Risper alijifunza haraka kuliko mimi, akacheka.

"Kwa ukame huu, wilaya nzima inalia mawingu yaje," akasema. "Sisi wawili ndio tunaomba yasije."

Kisha daktari akatuambia sote: "Mtoto akilala au akicheza na mwenye tetekuwanga, usingoje vipele. Kuna sindano ya kinga ya kuazima, inatoka kwa damu ya watu waliopona. Lazima aipate ndani ya siku nne. Sina hapa, naiagiza Nairobi. Kwa hivyo pigeni simu kwanza. Msikose kupiga simu."

Mkojo: mawingu. Uvimbe: macho na miguu. Tembe: nane.

Ijumaa, 14 Septemba

Mkojo: mawingu. Uvimbe: macho. Tembe: nane. Angani hakuna hata kiwingu.

Jumatatu, 17 Septemba

Nimepeleka barua ya daktari kwenye kliniki ya watoto, kwa sababu hedimasta hapokei karatasi isiyo na muhuri wa hapa. Daktari aliiandika kwa Kiswahili makusudi, ili hata nyanyake Fanuel akisomewa aelewe: *Mtoto huyu hajachanjwa tetekuwanga. Asikaribie mgonjwa wa tetekuwanga.*

Sista Tryphena, muuguzi wa kliniki, akaisoma, akapandisha mkono wa shati la Fanuel. "Hajachanjwa nini? Na alama hii ni ya nini?"

"Hiyo ni ya ndui, Sista."

"Na tetekuwanga ni nini kama si ndui ya maji? Ni mdogo wake tu. Aliyechanjwa ya mkubwa, huyu mdogo atamfanya nini?"

"Daktari amesema ni magonjwa mawili tofauti."

"Daktari wa Mombasa aliangalia mkono?"

Akachukua kalamu, akakata *haja*, akaandika *ame* juu yake kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni, akapiga muhuri. Nikafungua mdomo. Akasema, "Mama, nimechanja watoto wa wilaya hii miaka kumi na saba," na foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika, na zamu yangu ya kuunganisha simu kwenye swichibodi ya posta ilikuwa inaanza saa nne. Nikaichukua barua. Mimi, mwanamke ninayegombana na kondakta kwa ajili ya kiti, nikaichukua barua.

Hedimasta nilimweleza kwa mdomo. Alinisikiliza akisoma muhuri.

Mkojo: mawingu kidogo. Uvimbe: hakuna. Tembe: nane.

Jumapili, 23 Septemba

Mkojo: SAFI. Fanuel ameishika chupa mwenyewe juani akacheza nayo. Tembe nane.

Jumatano, 26 Septemba

Mkojo: safi. Joto la kuchoma. Unga wa manjano tena dukani, ule wa msaada. Fanuel anasema ugali bila chumvi una ladha ya mlango. Nimemuuliza mlango aliulamba lini.

Ijumaa, 5 Oktoba

Tetekuwanga imeingia Kaloleni, mtaa wetu.

Jirani yangu Mama Kituku alinisimamisha nikitoka posta, uso unang'aa kama ana habari ya arusi. "Wangu wametoka vipele wote watatu! Mlete Fanuel acheze nao leo, wanywe uji kikombe kimoja, amalize sasa akiwa mdogo. Ukubwani ni mbaya."

Najua ni desturi yetu. Nami nililazwa hivyo, kitanda kimoja na binamu zangu wanne, na mama yangu akashukuru Mungu tulipotoka vipele. Mama Kituku alinipa alichonacho kizuri. Lakini nilimpigia kelele barabarani, watu wakatoka madukani kutazama. Nilimwambia akimkaribia mtoto wangu nitamchoma kwa maji ya moto. Hajanisalimia tangu hapo, na mimi sijamwomba msamaha.

Mkojo: safi. Tembe: nane, siku moja anameza, siku moja anapumzika, kama alivyoagiza daktari.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimemtoa Fanuel shuleni. Hedimasta ametoa barua kwenye faili, akaweka kidole juu ya neno la Sista. "Amechanjwa. Kama amechanjwa, kwa nini akae nyumbani? Akikosa mitihani atarudia darasa."

"Arudie," nikasema. "Arudie hata mara kumi. Wafu hawarudii."

Alinirudishia barua yangu.

Jumapili, 14 Oktoba

Reuben, mume wangu, amekuja kutoka kwenye shamba la mkonge anakofanya kazi ya ukarani, na tumegombana mpaka chai ikapoa. Anasema siwezi kumfungia mtoto chumbani nyumba ikiwa imezungukwa na wagonjwa, na mimi niko kazini kutwa. Anasema Bura, kule vilimani kwa mama yake, kuna hewa ya baridi, mboga, na hakuna tetekuwanga. Nilitafuta kosa katika maneno yake sikulipata, na hilo lilinikasirisha zaidi. Fanuel ameondoka naye jioni, na tembe zake, chupa, siki, na barua. Nimemwambia Reuben aisome kwa sauti mbele ya mama yake na dada yake Elsie, na aseme kwamba lile neno la juu ni la uongo.

"Nitasema," akasema.

Alhamisi, 18 Oktoba

Nyumba kimya. Elsie ametuma habari kwa dereva wa mboga: mkojo safi, lakini Nyanya analia kwa sababu mjukuu hali chumvi.

Jumanne, 23 Oktoba

Mawingu, ya angani. Mazito, kutoka upande wa vilima. Watu wamesimama barabarani wakiangalia juu. Mimi peke yangu nimeingia ndani nikafunga dirisha.

Alhamisi, 25 Oktoba

Mvua! Tembo wameangusha nguzo za simu upande wa Maungu, kwa hiyo laini za Mombasa zimebaki moja badala ya tatu. Swichibodi imekuwa vita.

Ijumaa, 26 Oktoba

Naandika kalamu ikitoboa karatasi.

Saa tatu asubuhi duka la Bura liliomba ofisi ya shamba la mkonge. Nikaunganisha. Sheria ya kwanza tunayofundishwa ni kwamba ukishaunganisha, unatoka kwenye laini. Lakini niliisikia sauti ya Elsie nikabaki.

"Kaka, mwambie Mama Fanuel asipande Jumapili, barabara ni matope. Na usijali kuhusu Fanuel, hajambo. Wangu wametoka tetekuwanga Jumatano, basi Mama amewalaza wote pamoja na Fanuel, blanketi moja, wamalize. Si yeye amechanjwa? Itampitia juujuu tu."

Reuben akasema, "Aa, sawa. Sawa tu."

Sawa tu! Nikaingia katikati. Sikusema hujambo. "Elsie, mtoe mwanangu kwenye kitanda hicho sasa hivi. Reuben, uliisoma barua?"

Kisha mume wangu: "Mama Fanuel? Uko kwenye laini?"

"Uliwaambia neno la juu ni la uongo?"

"Niliwasomea... Waliona muhuri. Nilifikiri pengine Sista pia anajua kazi yake."

Sikumbuki yote niliyosema. Msimamizi wangu Mzee Mulei aliinuka kwenye kiti chake akaja kusimama nyuma yangu, na hata yeye hakunizuia. Nilimwambia Reuben achukue gari lolote la shamba, aombe au aibe, amlete mtoto Voi kabla ya jua kuzama. Nilimwambia Elsie amwambie Mama kwamba simlaumu. Huo ni uongo. Namlaumu yeye, namlaumu Elsie, namlaumu Reuben na sawa tu yake, na Sista Tryphena na mwandiko wake mzuri. Mtu ameua kwa herufi tatu na hajui kama ameua.

Kisha nikaichukua ile laini moja ya Mombasa na sikuiachia. Daktari Katunge alikuwa wodini. Nikangoja laini wazi wakamtafuta. Akasema Jumatano mpaka leo ni siku ya tatu, bado kuna nafasi, ataagiza Nairobi. Nikamuunganisha na Nairobi mwenyewe. Nairobi wakasema watampigia baada ya nusu saa. Nikaishikilia laini nusu saa ili isichukuliwe. Wakasema dozi ipo moja, wanamtafuta mwenye ufunguo. Nikashikilia tena. Watu walipiga kelele pande zote. Taveta walikuwa wabaya zaidi, wananigongea kila dakika kumi wakitaka Mombasa, haraka, haraka. "Kila mtu ana haraka," nikamwambia opareta wa kule. "Laini imeshikwa. Subirini." Mara ya nne sikumjibu, nikachomoa waya wake, na mpaka natoka kazini sikuurudisha.

Saa saba na nusu Daktari Katunge akasema, "Sindano itapanda ndege ya kesho asubuhi. Mlete mtoto." Nikaweka kichwa juu ya swichibodi nikalia mbele ya Mzee Mulei, na yeye akajifanya anapanga tiketi za simu.

Jumamosi, 27 Oktoba. Mombasa

Amechomwa saa nane mchana, siku ya nne. Sindano nene, pajani, alipiga ukunga mmoja tu kisha akamuuliza daktari damu ya kuazima atairudisha lini. Daktari amecheka. Mimi bado siwezi kucheka.

Mkojo: safi. Uvimbe: hakuna. Tembe: daktari amepunguza, nne.

Jumatano, 31 Oktoba

Mvua. Reuben ameandika barua ndefu. Sijaifungua.

Jumapili, 4 Novemba

Mvua. Mkojo safi. Namvua nguo asubuhi na jioni, nakagua ngozi kwa tochi. Barabara ya Taveta imekatika kwa maji wiki yote, lori za ndizi hazijapita.

Ijumaa, 9 Novemba

Vipele. Kumi na kimoja. Nimevihesabu mara sita. Daktari amesema kwa simu: vikibaki vichache, ile sindano imefanya kazi. Nimlete Jumatano aone.

Jumatatu, 12 Novemba

Vipele kumi na vinne, vya kwanza vimekauka. Homa hakuna. Mkojo una mawingu, lakini mepesi. Elsie ameteremka kutoka Bura na kuku mkononi, akasimama mlangoni bila kubisha. Nikamwambia aingie. Nyanya, anasema, tangu siku ile amelaza kila mtu kitanda chake na hataki kuguswa na wajukuu. Nilimpikia Elsie chai. Hasira yangu imebakia kwa Sista peke yake, na nimeitunza vizuri, naingoja siku.

Jumatano, 14 Novemba. Mombasa

Fanuel atapona. Hilo liandikwe kwanza. Mapafu safi, ini safi.

Nilitoka nje ya chumba cha wagonjwa waliotengwa kumshukuru Mungu, nikamkuta Risper ameketi kwenye ngazi na kikapu cha ndizi kilichofunikwa kwa khanga. Nilikumbuka kicheko chake, ingawa hakuwa anacheka. Nikaketi. Nikauliza, "Susan ameletwa?"

"Susan amefariki juzi," akasema. "Nangoja gari la kumrudisha nyumbani."

Aliyasema polepole kama mtu anayesoma. Mtoto wa jirani alitoka vipele, Susan alikuwa amecheza naye siku mbili. Risper alikumbuka maneno ya daktari: msikose kupiga simu. Akaenda posta ya Taveta asubuhi, akakaa pale mpaka wakafunga. Jumamosi akarudi, laini bado. Halafu barabara ikakatika. Walipofika Mombasa vipele vilikuwa vimeshafunika mdomo.

"Ilikuwa siku gani, posta?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Ijumaa ile mvua ilianza kunyesha sana. Opareta wetu alijitahidi, maskini. Alisema kuna mwanamke Voi ameishika laini na hataki kuachia. Mwisho akachomoa waya."

Hajui ninafanya kazi gani. Katika siku ile ya kuchemsha mikojo, sikumwambia, na yeye hakuuliza.

Ndizi zile, aliniambia, alimletea daktari. Alinipa mbili za Fanuel. Nikazipokea.

Alhamisi, 15 Novemba

Mkojo: sijui. Nilisahau chupa kwenye moto ikapasuka.

Jumapili, 18 Novemba

Sista Tryphena amekuja nyumbani. Daktari Katunge alimwandikia. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, amekonda, na alishika mkoba kwa mikono miwili. Maneno niliyokuwa nimemtunzia tangu Septemba, yote yalikuwa tayari, nimeyapanga mpaka pumzi za katikati.

"Mama Fanuel," akasema, "nilifikiri najua."

Nikamtazama. Nikamwambia, "Keti, Sista." Nikampa kalamu na ile barua. Alikata *ame*, akaandika *haja*, kwa mwandiko mbaya. Kisha nikamwambia habari za Susan. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia, kwa sababu nilijua hataweza kunihukumu, na nilijichukia kwa hilo pia. Alikaa mpaka mvua ikapungua.

Jumanne, 20 Novemba

Mkojo: safi (chupa mpya). Nimefungua barua ya Reuben. Ina maneno mengi na neno moja la maana: nisamehe. Nimemjibu aje Jumamosi.

Hata kama Risper angempata daktari, dozi ilikuwa moja; ingempata nani? Nimejiuliza usiku kucha. Huenda Susan asingeipata hata kwa simu. Lakini hiyo ni hesabu ya kujiliwaza. Nairobi hawakuulizwa kama ipo ya pili popote, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba zinahitajika mbili. Mimi ndiye niliyezuia wasijue.

Ijumaa, 23 Novemba

Nilimwomba opareta wa Taveta amtumie Risper ujumbe sokoni, afike posta saa nne na robo. Laini zote tatu zimetengenezwa. Mzee Mulei nilimweleza. Akaondoka mezani akaniachia chumba.

"Haloo?" Sauti yake mbali.

"Risper, ni Mama Fanuel wa Voi. Mimi nafanya kazi ya swichibodi. Ijumaa ile, mwanamke aliyeshika laini ni mimi. Niliambiwa Taveta ina haraka mara nne. Mara ya nne nilichomoa waya."

Nilikuwa nimeandika mengine kwenye karatasi: kwamba sikujua ni yeye, kwamba mtoto wangu, kwamba siku ya tatu. Karatasi ilikuwa mbele yangu na sikuisoma. Nilisikia soko nyuma yake, mtu anataja bei, mbuzi. Hakuwa ameondoka. Zilipita dakika tatu, na kazi yangu ni kuhesabu dakika.

Mwishowe akasema, "Leo umemchemshia mkojo?"

"Nimemchemshia."

"Ukoje?"

"Safi."

"Basi andika," akasema, akakata simu.

Mkojo: safi.
Uvimbe: hakuna.
Tembe: tatu.
Chanjo: bado.